Bwawa la Kuogelea Nyumbani na Hatari Zake

Mabwawa ya kuogea si jambo geni hapa Unguja. Seyyid Said alijenga hamamu ya Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, na pale Maruhubi yangaliko mabirika makubwa ya kasri ya Sultani Barghash. Lakini hayo yalikuwa ya wafalme. Siku hizi mabwawa ya kuogelea yamo katika nyumba za watu na nyumba ndogo za wageni, tangu Nungwi mpaka Paje na Jambiani. Mara nyingi mwenye nyumba hakai hapo. Anayekaa ni mlinzi au mtunza bustani, mwananchi wa kijiji kile kile, pengine pamoja na mkewe na watoto. Somo la leo ni lake yeye hasa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto wa umri huo hapigi kelele anapozama. Maji yakishamfika kinywani hapati pumzi ya kuita, naye huzama kimya, mara nyingi kabla mama hajamaliza kuepua chungu jikoni. Tena pengine hakuwa amekwenda kuogelea. Alifuata mpira, au paka, wakati mama anadhani yuko na baba, na baba anadhani yuko na mama. Wako watakaosema kwamba watoto wa pwani wanajua kuogelea. Mtoto wa miaka 2 hajui, awe wa Nungwi au wa Dodoma.

Kwa hiyo kinga ya kwanza ni ua. Ukuta wa kiwanja hautoshi, kwa sababu mtoto wa mlinzi yumo ndani ya ukuta huo. Unatakiwa ua unaozunguka bwawa lenyewe pande zote nne, wenye kimo kisichopungua mita 1.2, na nafasi kati ya fito au vyuma isizidi sentimita 10. Ua wa makuti hupendeza macho, lakini huoza chini, na mtoto hupenya hapo hapo palipooza. Mlango ufunguke kwa nje, ujifunge wenyewe, na komeo lake liwe juu asipofikia mtoto. Msiache kiti wala chungu cha maua karibu na ua, kwani hivyo ndivyo vipandio vyake. Huko Ufaransa sheria ya mwaka 2003 ilimlazimisha mwenye bwawa la nyumbani kuweka kinga, kama vile ua, kifuniko au king'ora. Hapa kwetu usingoje kulazimishwa: mwambie mwenye nyumba, na ukimwambia kwa barua ni bora zaidi.

Ndani ya ua uwepo upondo mrefu na boya lenye kamba. Asiyejua kuogelea asijitupe majini kumwokoa mwenzake, amnyooshee upondo. Na watoto wanapoogelea, mtu mzima mmoja awe na kazi moja tu, kuwatazama.

Sasa tuje kwenye maji. Kipimo cha mwanzo hakihitaji chombo chochote: simama ukingoni, utazame chini. Kama huoni sakafu vizuri, pasiingie mtu, kwa kuwa aliyezama humo hutamwona. Maji huuliwa vijidudu kwa klorini, nayo isipungue miligramu 1 katika kila lita. Tufanye hesabu. Bwawa lenye urefu wa mita 8, upana mita 4, na kina cha wastani mita 1.5 lina lita 48,000. Ili kuongeza miligramu 1 kwa kila lita tunahitaji gramu 48 za klorini halisi. Ikiwa unga wako una nguvu ya asilimia 65, basi pima gramu 74 hivi. Usikisie kwa konzi. Jaza ndoo maji kwanza, kisha tia unga ndani yake. Kamwe usimwagie maji juu ya unga. Wala usichanganye klorini na tindikali, kwani hutoka hewa ya sumu inayochoma mapafu. Unga uwekwe pakavu, mbali na jua na mbali na watoto.

Wengi hudhani kwamba harufu kali na macho kuwasha ni dalili ya klorini kuzidi. Mara nyingi ni kinyume chake: klorini imekutana na jasho na mkojo. Basi kila mtu aoge kabla ya kuingia, na mwenye kuharisha asiingie kabisa.

Wakati wa masika wageni hupungua na pampu huzimwa. Bwawa likigeuka kijani, mbu huzaliana humo kwa muda wa wiki moja au zaidi kidogo, na hatari ya kuzama haipungui, bali huongezeka.

Ajali ikitokea, msimning'inize mtoto kichwa chini, wala msimkamue tumbo ili kutoa maji. Huko ni kupoteza muda. Mlazeni chali mahali pagumu. Kama hajitambui na hapumui, inua kidevu chake, ziba pua, umpulizie pumzi 5 kinywani. Kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30 kwa haraka, kiasi cha mara mbili kwa sekunde, kikibonyea theluthi ya unene wake. Mpulizie pumzi 2, halafu urudie kukandamiza. Usiache mpaka apumue au msaada ufike. Mwenzako ndiye aite gari. Hata akizinduka na kuomba chakula, apelekwe hospitali siku ile ile, kwa sababu mapafu yaliyoingia maji yanaweza kumsumbua saa kadhaa baadaye.