Uhandisi wa Mitambo: Masomo, Ajira na Nafasi ya Kiswahili

Uhandisi wa mitambo ni taaluma inayoshughulikia usanifu, uundaji na udumishaji wa mashine pamoja na nishati inayoziendesha. Nchini Kenya, shahada ya kwanza katika taaluma hii huchukua miaka 5. Mwanafunzi hufunzwa hisabati, uchoraji wa mitambo, sifa za metali, mienendo ya viowevu na sayansi ya joto. Aidha, hutakiwa kufanya kazi karakanani na kwenda viwandani kupata mafunzo ya vitendo. Baada ya kuhitimu, Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 humtaka awe na tajriba ya miaka isiyopungua 3 kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu.

Nafasi za kazi ni anuwai. Kule Olkaria, Naivasha, wahandisi wa mitambo husimamia mashine zinazozungushwa na mvuke utokao ardhini ili kufua umeme. Wengine huhudumu katika viwanda vya saruji, sukari na majani chai, au katika karakana za reli na ndege. Wapo pia wanaofundisha vyuoni na wanaojiajiri.

Hata hivyo, suala la lugha halijazingatiwa ipasavyo. Mhandisi husoma kwa Kiingereza, ilhali mafundi anaowasimamia aghalabu huwasiliana kwa Kiswahili. Katika mazungumzo ya kila siku, neno 'nguvu' hubeba dhana nyingi. Kitaaluma, dhana hizo hutofautiana: kani hupimwa kwa nyutoni, nishati kwa jouli, na kasi ya kutumia nishati hupimwa kwa wati.

Tuchukue mfano wa boila ya kiwanda cha majani chai. Boila hiyo huchemsha maji kwa moto wa kuni, na mvuke wake hupasha joto hewa ya kukaushia majani. Mhandisi akimwambia mfanyakazi achunge 'nguvu' ya boila, huenda mfanyakazi akadhani anaonywa kuhusu ukali wa moto, kumbe kinachokusudiwa ni msukumo wa mvuke kwenye kuta za chuma. Istilahi mwafaka ipo: kanieneo, yaani kani iliyogawanywa kwa eneo. Neno lenyewe limebeba kanuni yake. Anayelielewa hutambua pia kwa nini vali ya usalama haifai kuzibwa kamwe: kanieneo ikizidi kiwango, boila hupasuka na kuangamiza walio karibu.

Ni dhahiri basi kuwa istilahi si pambo la kamusi bali ni kinga ya uhai. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Inafaa idara za uhandisi na za Kiswahili vyuoni zishirikiane kuandaa miongozo ya karakana ambayo fundi ataisoma na kuielewa. Wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Mwanafunzi wa Kiswahili naye ana wajibu katika kiwanda ambacho huenda asikanyage mlangoni pake.