Kuunda Baisikeli ya Milimani kwa Vifaa Vikuukuu na Vipya

Barabara itokayo Kakamega kwenda Kisumu huteremka kwa jumla kama mita 400, na mvua ya huko ni nyingi. Kwa hiyo mtu atakaye kuunda baisikeli ya milimani hana budi kujua kifaa kipi kikuukuu chafaa, na kipi lazima kiwe kipya.

Kwanza, fremu. Fremu kuukuu ya chuma yafaa, maana ikipata ufa fundi wa kuchomea aweza kuitengeneza. Ya alumini ni vigumu zaidi. Isafishwe, na maungio yake yakaguliwe. Usukani na kiti pia vyaweza kuwa vikuukuu.

Pili, cheni. Viungo 24 vya cheni nzima vina urefu wa inchi 12. Vikizidi hapo kwa thumuni ya inchi, cheni imechakaa, nayo itakula meno ya gia mpya.

Tatu, gia. Meno yakiwa 48 mbele na 16 nyuma, gurudumu huzunguka mara 3 kila pedeli zizungukapo mara 1. Yakiwa 32 mbele na 32 nyuma, huzunguka mara 1 tu. Mwendo huo ni wa polepole, lakini ndio upandishao mzigo mlimani.

Mwisho, breki. Raba za breki huteleza juu ya rimu za chuma zilizolowa. Rimu za alumini hushikika vizuri zaidi. Raba na waya zinunuliwe mpya. Fedha iliyookolewa katika fremu na itumiwe hapo, kwani mteremkoni uhai wa mpandaji na abiria wake hutegemea breki.