Silika ya Kuwinda kwa Mbwa wa Nyumbani na Namna ya Kuitawala

Shauri la mbwa aliyeua mbuzi wa jirani ni miongoni mwa mashauri magumu kusuluhishwa kijijini. Mwenye mbuzi anataka fidia, tena anataka mbwa auawe. Mwenye mbwa anajibu kwamba mbwa huyohuyo ndiye anayelinda mahindi na mihogo ya kitongoji kizima dhidi ya nguruwe pori na nyani. Wote wawili husema kweli, na hapo ndipo penye ugumu. Somo la toleo hili limeandaliwa kwa ajili ya wafugaji wa Nachingwea na Ruangwa ambao hawawezi kuishi bila mbwa shambani, lakini pia hawataki kuishi na mbwa anayewakosanisha na majirani.

Tuanze na silika yenyewe. Uwindaji wa mbwa ni mnyororo wa vitendo vinavyofuatana: huona, hukaza macho, hunyatia, hukimbiza, hukamata, huua, kisha hula. Binadamu amefuga mbwa kwa maelfu ya miaka, na katika muda huo amekuwa akichagua pingu zipi za mnyororo huu zibaki na zipi zilegee. Mbwa wa kuchunga kondoo wa Uingereza alichaguliwa akaze macho na kunyatia bila kung'ata. Basenji wa Kongo, ambaye habweki kama mbwa wengine, alifugwa kwa kufukuza wanyama porini, na wawindaji walimfunga njuga shingoni ili wasimpoteze. Mbwa wetu wa kienyeji hakuchaguliwa kwa kazi moja tu. Kwa sababu hiyo mara nyingi anao mnyororo mzima, ingawa mmoja hutofautiana sana na mwenziwe hata wakiwa wamezaliwa tumbo moja.

Jambo ambalo wafugaji wengi hawalitambui ni kwamba kukimbiza kwenyewe ni malipo. Mbwa hamfukuzi kuku kwa sababu ya njaa peke yake. Humfukuza kwa kuwa mbio zinampa raha. Ndiyo maana mbwa aliyeshiba ugali na dagaa bado huruka akiona kitu kinachokimbia. Tusielewe vibaya: mbwa mwenye njaa huzurura zaidi na huiba zaidi, na kumlisha ni wajibu. Lakini chakula hakimalizi hamu hiyo.

Tazama kisa cha bodaboda. Pikipiki inapita, mbwa anatoka mbio akibweka, nayo pikipiki inaondoka. Dereva anajua alikuwa anakwenda zake Mnacho au Naipanga. Mbwa hajui. Kwa hesabu yake, yeye ndiye aliyeifukuza, na ameshinda. Kesho atarudia kwa ari zaidi, na kila siku inayopita humpa ushindi mwingine. Siku dereva atakapoanguka, mwenye mbwa atashangaa tabia hiyo imetoka wapi, kumbe alikuwa akiitazama ikikua mbele ya baraza yake.

Wapo wanaongoja mbwa arudi ndipo wamchape. Adhabu ya namna hiyo haifiki inakokusudiwa. Mbwa huunganisha kipigo na kile anachofanya wakati huohuo, nacho ni kurejea nyumbani kwa mwenyewe. Baada ya vipigo vichache atakuwa amejifunza somo moja tu: akiitwa, asije. Wapo pia wanaomlisha pilipili na kumfungia gizani ili awe mkali. Anayepatikana huko si mlinzi, ni mnyama mwenye hofu anayeng'ata bila kuchagua, na wa kwanza kung'atwa huwa ni mtoto wa nyumba hiyohiyo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili wa aina hii.

Njia yenye matokeo ni kuipa silika kazi nyingine, na hapa ndipo kichezeo kinapoingia. Si lazima kinunuliwe dukani. Kipande cha kamba nene iliyofungwa mafundo, au mpira wa matambara kama ule wa chandimu vinatosha kabisa. Mbwa mwenye hamu kubwa ya kuwinda hukipenda kitu kimoja kupita kiasi: hutetemeka akikiona, hulia, huruka kifuani mwa mtu, na akikipata hakiachi. Wengine huona hilo ni kero. Mimi huliona kuwa ni bahati, kwa sababu kitu anachokipenda hivyo ndicho kinachoweza kumfundisha.

Sharti la kwanza ni kwamba kichezeo kiwe mali ya mfugaji na kisiachwe kikizagaa uani. Kitoke kwa muda maalumu, asubuhi mapema au jioni jua likishapungua makali, kwa kuwa mbwa hana jasho la kutosha kumpoza kama sisi. Hupumua kwa kasi akiwa ametoa ulimi, na mbwa aliyekolea mchezo hatasimama mwenyewe hata joto likimzidi. Kishike kichezeo kifuani na usiseme neno. Ataruka, atabweka. Subiri. Mara tu makalio yatakapogusa ardhi, hata kwa bahati, kirushe. Baada ya siku chache atakuwa amegundua kwamba kelele haifungui mlango na utulivu unaufungua. Usikirushe hata mara moja akiwa anaruka, maana mara moja hiyo itabomoa kazi ya wiki nzima.

La pili ni kuachia. Usimnyang'anye, kwani kuvutana naye kwa hasira humfundisha kung'ang'ania, na wengine huanza kunguruma wakilinda kitu chao. Badilishana naye: mpe kichwa cha dagaa karibu na pua, naye akifungua mdomo sema “acha”, kisha mrudishie kichezeo chake. Kule kurudishiwa ndiko kunakomfanya aamini kwamba kuachia si kupoteza. Neno hilo likishazoeleka kwa kichezeo, lihamishie kwenye kiatu, kwenye mfupa, na mwisho kabisa kwa kuku. Kwa familia za Kiislamu, ambazo ni nyingi katika wilaya zetu na ambazo huchunga twahara kutokana na mate ya mbwa, kichezeo kiwe chake peke yake, kifungwe kwenye kamba ndefu na kuvutwa au kurushwa kwa kushika ncha ya mbali. Mbwa wa kulinda shamba na mifugo anaruhusiwa, na mafunzo haya hayahitaji mtu kushika kilicholowa.

La tatu, na ndilo linaloamua mambo, ni kuitika akiwa katika hamaki. Mfunge mkanda shingoni na kamba ya manila yenye urefu wa mita 10 hivi. Mpeleke mahali ambapo mbuzi wanaonekana kwa mbali, mbali kiasi kwamba anawaona lakini bado anakusikia. Atakapokaza macho, mwite. Akigeuka, kimbia kuelekea upande mwingine na umrushie kichezeo chake. Asipogeuka, uko karibu mno. Rudi nyuma hatua 20 ujaribu tena. Wakati wa kumwita ni ule wa kukaza macho, kwa sababu akishaanza mbio masikio yake ni kama yamezibwa. Kazi hii huchukua wiki nyingi. Katika kipindi chote hicho kamba isifunguliwe, kwa kuwa kila mbio anazofanikiwa kuzikimbia ni malipo yanayoshindana na malipo yako.

Mwenye mtoto wa mbwa ana nafasi nzuri zaidi. Kati ya wiki ya tatu na takribani wiki ya 12 ya maisha yake, mbwa hujenga picha ya wale ambao ni jamaa zake. Akikua karibu na mbuzi, kuku, baiskeli na watoto, chini ya uangalizi, mara nyingi huwahesabu kuwa wa nyumbani. Hata hivyo vifaranga viwekwe ndani ya tenga. Kuna majaribu ambayo hata mbwa mwema hapaswi kupewa.

Niseme kidogo kuhusu watoto. Uwanja wa chandimu una kila kitu kinachoamsha silika hii: kitu kinachobiringika, miguu inayokimbia, na makelele. Mbwa aliyezoea kurushiwa mpira wa matambara hawezi kutofautisha mpira wake na wa watoto, na meno yanayolenga mpira huishia kwenye kifundo cha mguu. Afungwe au abaki nyumbani wakati wa mchezo. Watoto nao wafundishwe kwamba mbwa akiwajia kwa kasi wasikimbie; wasimame kama mti, mikono ubavuni, wasimtazame machoni, na kama wameshika mpira wauachie.

Shambani, silika ileile ndiyo tunayoihitaji. Mbwa afukuze nyani hadi mpakani mwa shamba, kisha aitwe arudi na alipwe. Asiachwe kuwafuata porini. Kwa vijiji vilivyo karibu na mapori hili ni muhimu zaidi, maana kuwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Isitoshe, mbwa anayezurura porini hukutana na wanyama wanaoweza kumwambukiza kichaa cha mbwa.

Mkoa wetu wa Lindi ulikuwa sehemu ya mradi wa kutokomeza kichaa cha mbwa kusini mashariki mwa Tanzania, ulioanza mwaka 2010 kwa uratibu wa Shirika la Afya Duniani. Msingi wake ulikuwa kuchanja mbwa wasiopungua asilimia 70 katika kila eneo, kwani hapo ugonjwa hukosa njia ya kusambaa. Watoto wa mbwa huzaliwa kila mwaka, kwa hiyo kiwango hicho hushuka upesi chanjo isiporudiwa.

Mfugaji ajue kutofautisha hamaki na ugonjwa. Mbwa mwenye hamaki hutulia kichezeo kikifichwa au mbuzi wakipita. Mwenye kichaa hubadilika bila sababu: mpole huwa mkali, mkali huwa mnyonge, hung'ata vijiti na mawe, hutokwa mate, hushindwa kumeza, taya hulegea. Akionekana hivyo asiguswe, na afisa mifugo wa kata aarifiwe siku hiyohiyo. Aliyeng'atwa, hata kama mbwa anaonekana mzima, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya bila kungoja dalili. Dalili zikishatokea, karibu hakuna anayepona. Mbwa aliyeng'ata afungwe na kuangaliwa kwa siku 10. Asiuawe kwa pupa wala kuwekewa sumu, kwa sababu mbwa akiuawa mapema hakuna tena wa kuangaliwa, nayo sumu huua paka, kuku na hata mtoto aliyeiokota.

Siku ya chanjo inapotangazwa na mtendaji wa kijiji, mbwa aletwe na mtu mzima aliyemzoea, akiwa amefungwa kamba fupi. Mbwa wengi wakikusanyika chini ya mwembe mmoja, hamaki ya mmoja huwasha ya wote. Simama kando, mbali na msururu, ukiwa na kichezeo chake mfukoni na dagaa wachache kiganjani, na usogee zamu yako itakapofika. Kadi ya chanjo itunzwe nyumbani. Ndiyo itakayoulizwa kwanza siku shauri litakapofika barazani.