SOMO LA UFUNDI: Maradhi ya Masega ya Gari na Tiba Yake

Gari la nyumbani katika kisiwa cha Pemba lina kazi nyingi. Humfikisha mgonjwa hospitali, huwapeleka watoto skuli, na wakati wa mavuno hubeba magunia ya karafuu hadi kituo cha ununuzi. Mengi ya magari hayo hutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika miaka mingi, nayo huja na kifaa ambacho mafundi hukiita masega. Kifaa hiki kikiharibika, mwenye gari huweza kupata hasara mara mbili: hununua kipya kwa bei kubwa, kisha kipya nacho hufa kwa sababu chanzo cha maradhi hakikutafutwa. Lengo la somo hili ni kuwaepusha wanachama na hasara hiyo.

1. Masega na kazi yake

Masega hukaa katika bomba la moshi, karibu na injini. Ndani yake mna kigae chenye matundu membamba mengi mfano wa sega la nyuki, kilichopakwa madini ya thamani: platini, paladi na rodi. Madini hayo huigeuza kaboni monoksidi, ambayo ni sumu, kuwa hewa ya ukaa, na mabaki ya petroli kuwa maji na hewa ya ukaa. Kifaa hiki kilianza kuenea katika magari ya Marekani ya mwaka 1975. Risasi ikitiwa katika petroli huyaharibu masega. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli ya namna hiyo ilipoingia 2006.

2. Chanzo cha maradhi

Masega hayana kitu kinachozunguka wala kusuguana. Aghalabu hayafi yenyewe, huuawa. Wauaji ni watatu:

(a) Injini kumisi. Plagi au koili ikichoka, petroli isiyowaka huingia katika masega na kuwaka humo. Joto likikaribia nyuzi 1,400 za Selsiasi, kigae huyeyuka na kuziba njia ya moshi.

(b) Injini kula oili. Dalili yake ni moshi wa buluu. Majivu ya oili huyafunika madini yasifanye kazi.

(c) Kugongwa na jiwe barabarani. Kigae huvunjika vipande.

3. Dalili na uchunguzi

Gari lenye masega yaliyoziba hukosa nguvu, hasa likipanda milima, ingawa mafuta yamekanyagwa hadi mwisho. Pengine taa ya injini huwaka, na mashine ya kupimia gari huonyesha namba P0420. Namba hii haitoshi kuyahukumu masega. Fundi mwangalifu hufuata utaratibu huu:

Kwanza, hutazama kama zipo pia namba za kumisi, kuanzia P0300. Zikiwapo, plagi na koili hutangulia kushughulikiwa.

Pili, hukagua bomba la moshi kama limetoboka. Upepo wa chumvi wa pwani huharakisha kutu, na hewa ipenyayo kwenye tundu huidanganya sensa ya oksijeni iliyo nyuma ya masega.

Tatu, injini ikiwa baridi, huyagonga masega taratibu kwa nyundo ya mpira. Yakilia kama kokoto katika kopo, kigae kimevunjika.

Nne, hufungua sensa ya oksijeni ya mbele, akafunga geji ya mgandamizo mahali pake. Injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, geji isizidi PSI 3 hivi. Ikizidi, bomba limeziba mbele ya hapo.

Kazi hii ifanyike nje, kwani moshi wa gari ndani ya banda huua. Masega yenye joto yasiguswe kwa mkono, wala gari lisiegeshwe juu ya majani makavu.

4. Matengenezo

Tundu la bomba huchomelewa. Plagi na koili hubadilishwa. Kigae kilichoyeyuka au kuvunjika hakina tiba, wala hakuna dawa ya kutia katika tangi itakayokirudisha. Hubadilishwa, kwa kufuata namba ya injini ya gari, baada ya muuaji wake kuondolewa.

Wapo wanaoshauri kigae kitolewe na ganda tupu lirudishwe. Nguvu za gari huweza kurudi, lakini injini inayomisi huendelea kumisi na kula petroli, na sumu hutoka bila kuchujwa, ikavutwa na watu wa nyumba na jirani. Tena, masega makuukuu yana wanunuzi kwa ajili ya madini yake. Mwenye gari ana haki ya kudai arudishiwe kila kinachotolewa katika gari lake.

5. Wajibu wa chama

Mashine ya kusoma makosa ya gari ni mzigo kwa mtu mmoja, lakini chama chaweza kuinunua kwa mchango na kuwakopesha wanachama. Katibu aweke daftari la kila gari: namba iliyosomwa, kilichobadilishwa, na fedha iliyotumika.

Maswali ya kujadiliwa mkutanoni

1. Kwa nini masega mapya huweza kufa upesi kama ya zamani?
2. Fundi akisema masega yamekufa, mwanachama amuulize nini kabla ya kutoa fedha?
3. Mashine ya chama itunzwe na nani, na kwa masharti gani?