Dawa isiyo na mizizi: uangalie mti unaoibeba

Ndugu mfanyakazi, unatuuliza mara nyingi: dawa za miti ni nzuri ao mbaya? Leo tujifunze kwa mfano wa Uhindi.

Huko kuna mmea unaoitwa amarbel. Wataalamu wanauita Cuscuta reflexa. Unafanana na nyuzi za manjano. Hauna majani, wala mizizi katika udongo. Unajizungusha juu ya mti, unatoboa ganda lake na kunyonya maji na chakula chake. Waganga wa Ayurveda, utabibu wa zamani wa Uhindi, wanautumia kwa minyoo ya tumbo na kwa ugonjwa wa ini. Wanausaga pia na kuupaka juu ya ngozi inayowasha na juu ya kichwa kinachopoteza nywele.

Sasa sikiliza vizuri. Mmea unaonyonya mti unaweza kunyonya hata sumu yake. Ukiota juu ya oleanda, mti wa maua wenye sumu ya moyo, sumu hiyo inaingia katika nyuzi. Kwa macho nyuzi ni zilezile, lakini dawa si ileile.

Kwetu pia kuna mimea inayoishi juu ya matawi ya miti. Basi, ufanye hivi:

1. Usinywe dawa ya namna hii bila kujua ilitolewa juu ya mti gani.
2. Macho yakiwa ya manjano ao mkojo mweusi, uje dispansere siku ileile. Inaweza kuwa ini, inaweza kuwa malaria kali. Damu ipimwe kwanza.
3. Kama umekwisha kunywa dawa ya miti, utuambie bila haya. Hatutakugombeza. Tukijua ulichokunywa, tutakutunza vizuri zaidi.