Mwendo zaidi kabla ya mashine kubwa

Mwenye boti akiona wenzake wanampita, swali la kwanza analouliza ni bei ya mashine kubwa zaidi. Hilo lingefaa kuwa swali la mwisho. Boti ya fiba ya mita 7 yenye mashine ya nguvu ya farasi 40, mfano wa hizi zinazovusha watu kati ya Mokowe na Lamu au kupeleka watalii matumbaweni, mara nyingi imeshapoteza farasi kadhaa kabla haijaondoka ufukweni. Wengine wamezuiwa na uchafu wa chini, wengine wanabeba maji yaliyonywewa na sakafu, wengine wanapotelea kwenye propela iliyopinda. Farasi hao umeshawalipia, na kuwarudisha kazini ni nafuu kuliko kununua wapya.

Hesabu inatetea hoja hii. Boti inayokimbia juu ya maji haiongezi mwendo sawasawa na nguvu unayoiongezea. Mwendo wake unafuata kipeuo cha pili cha nguvu iliyogawanywa kwa uzito. Kanuni hiyo inajulikana kwa jina la George Crouch, msanifu wa Marekani aliyechora Baby Bootlegger, boti ya mbio iliyotwaa kombe la Gold Cup mwaka 1924. Toka farasi 40 uende 60: umeongeza nguvu kwa nusu nzima, ila mwendo unapanda asilimia 22 tu, na hapo hatujahesabu uzito wa mashine mpya wala petroli itakayokunywa. Sasa chukua boti ileile yenye kilo 1,000 pamoja na watu wake, uipunguzie kilo 150. Mwendo unapanda kwa asilimia 8 hivi, na hujatoa hata senti.

Haya yote ni kwa boti yenye uvungu bapa au wa V, inayoweza kupanda juu ya maji. Mashua ya mbao yenye mkuku na tumbo, urefu wa mita 9, inagota kwenye kilomita 13 au 14 kwa saa. Ukiizidishia mashine inachimba shimo nyuma na kuinua omo, basi. Kama chombo chako ni cha aina hiyo, tumia fedha zako kwa jambo jingine.

Pima kwanza

Mwendo haupimwi kwa upepo wa usoni. Simu yoyote yenye GPS inatosha. Chagua asubuhi iliyotulia, wakati wa maji mafu, kwa sababu siku za bamvua mkondo wa mlangoni unaweza kukupa kilomita kadhaa ambazo si zako. Kimbia kwenda, kimbia kurudi, mafuta wazi hadi mwisho, kisha jumlisha na ugawe kwa mbili. Andika watu walikuwa wangapi na petroli ilikuwa lita ngapi. Kisha badilisha kitu kimoja tu, upime tena. Ukibadilisha propela na kuinua mashine siku moja hutajua kipi kimekusaidia na kipi kimekuharibia.

Kifaa kimoja cha kununua mapema ni takomita ndogo, ile ambayo waya wake unazungushwa tu juu ya waya wa plagi. Bei yake si kubwa, na bila kujua mashine inazunguka mara ngapi kwa dakika, kazi ya propela ni kubahatisha.

Chini ya boti

Bamvua lina kazi yake pia: maji yanapokupwa sana, boti inakaa mchangani na uvungu wote unaonekana. Hapo ndipo pa kuanzia. Utelezi wa kijani peke yake unapunguza mwendo, na vile vijiganda vikali vinavyokata vidole ni balaa zaidi. Kwangua kwa kipande cha plastiki ngumu au ubao, si kwa panga, maana mikwaruzo ya panga utakuja kuilipia. Boti inayolala majini inahitaji rangi ya kuzuia uchafu. Unapoikwangua rangi ya zamani vaa barakoa na uilowanishe kwanza, kwani vumbi lake ni sumu. Boti inayopandishwa ufukweni kila jioni haihitaji rangi hiyo kabisa. Isugue kwa msasa wa maji namba 400, uiache laini. Deheni ya shahamu na chokaa ni mali ya jahazi, kwenye fiba inayokimbia haina nafasi.

Ukishasafisha, lala chini uangalie mita mbili za mwisho kuelekea shetri. Ni eneo dogo ambalo wengi hawaliangalii, na mwendo mwingi unaamuliwa hapo. Chukua bapa refu la alumini lililonyooka, liweke kwa urefu wa boti kwenye uvungu. Likiacha upenyo katikati, kuna kibonyeo: maji yanasukuma shetri juu na omo chini, na boti inakimbia imeinamia mbele, imelowa, nzito. Likiyumba kama limekaa juu ya kilima, kuna uvimbe, na boti itakuwa inadunda omo juu-chini hata bahari ikiwa shwari. Kibonyeo kinajazwa kwa resini na fiba, kikakauka, kikasuguliwa kwa ubao mrefu wenye msasa hadi bapa likae bila mwanga kupita. Ni kazi ya jasho, lakini vifaa vyake si vingi.

Halafu kuna ukingo wenyewe, pale uvungu unapokutana na shetri. Unatakiwa uwe mkali, wa pembe kamili, ili maji yaachane na boti mara moja. Boti zetu huburutwa mchangani mwaka baada ya mwaka, na ukingo huo unalika ukawa mviringo. Ukiwa mviringo, maji yanaufuata kwenda juu na kuvuta shetri chini. Jenga ukingo upya kwa resini nzito, uunyooshe, kisha tafuta magogo ya kuviringishia boti badala ya kuiburuta. Kwa maoni yangu, ukingo mkali ni bora kuliko kifaa chochote cha kung'aa kinachouzwa dukani.

Uzito unaojificha

Nanga mbili za nini? Petroli ina takriban kilo 0.74 kwa lita, kwa hiyo dumu la ziada la lita 60 ni kilo 44 za kutembezwa bure ikiwa safari yako ni ya nusu saa. Hayo yanaonekana. Yasiyoonekana ni povu lililo chini ya sakafu. Fiba ikipata ufa, povu linanyonya maji, na lita moja ni kilo moja. Dalili zake ni hizi: boti inakaa chini kuliko alama ya zamani, sakafu inabonyea chini ya mguu, na ukitoboa tundu dogo mahali pa chini maji yanatiririka kwa siku kadhaa. Anayeweza kuipakia boti kwenye gari na kuipitisha kwenye mizani ya magari atapata jibu la haraka. Kufungua sakafu, kutoa povu bovu na kuifunga upya ni kazi chafu, ila ndiyo inayorudisha kilo nyingi kwa mpigo.

Uzito unaobaki upange. Boti inayokawia kupanda juu ya maji, imeketi kitako huku omo linatazama mawingu, isogezewe tangi la petroli na betri mbele. Inayodunda omo kwa mwendo wa kasi nayo hutulia ikisogezewa mzigo mbele kidogo. Inayolima maji kwa omo inataka kinyume chake. Maboya ya kujiokolea na chombo cha kukumbia ngama si uzito wa kupunguza.

Mashine kama ilivyo

Kabla ya kuilaumu mashine kwamba ni ndogo, hakikisha inafunguka. Fungua kifuniko, mtu avute mafuta hadi mwisho, wewe utazame kama kile kijimlango ndani ya kabureta kimefunguka chote. Kebo iliyolegea inaweza kukuachia robo tatu tu, na marekebisho yake ni spana moja na dakika chache. Tazama kama kifuniko cha tangi kimefunguliwa tundu la hewa, kama mpira wa mafuta hauvuti hewa kwenye viungio, kama kichujio kina maji. Pima mgandamizo wa kila silinda. Zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, fedha yako iende kwenye mashine kwanza, mengine yangoje. Oili ya gia ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Mara nyingi chanzo ni mshipi wa kuvulia uliojizungusha nyuma ya propela na kukata sili.

Propela

Hapa ndipo fedha kidogo inaweza kuleta faida kubwa, na ndipo imani potofu zilipojaa. Propela ina namba mbili, kipenyo na pichi, kwa inchi. Pichi ni umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa mango. Wengi hudhani pichi kubwa ndiyo mwendo mkubwa. Inakuwa hivyo ikiwa mashine inaweza kuizungusha. Isipoweza, ni sawa na kupanda mlima wa Kitonga kwa gia ya tano: unasikia mlio mzito, gari haliendi, na injini inaumia.

Kitabu cha mashine kinataja mizunguko inayotakiwa mafuta yakiwa wazi kabisa. Kwa mashine nyingi za farasi 40 za mzunguko wa mipigo miwili ni kati ya 4,500 na 5,500 kwa dakika. Pakia boti kama unavyoipakia kazini, kimbia, soma takomita. Ukipata 4,400, pichi ni kubwa mno. Ukipita 5,500, ni ndogo mno. Kila inchi moja ya pichi inabadilisha mizunguko kwa 150 hadi 200 hivi, kwa hiyo unaweza kukadiria kabla ya kununua. Lenga sehemu ya juu ya kiwango hicho.

Kisha pima mtelezo. Gawa mizunguko kwa uwiano wa gia, zidisha kwa pichi, zidisha tena kwa 0.0015. Mashine yenye mizunguko 5,000, gia ya 2.00 na pichi ya 13 ingepaswa kwenda karibu kilomita 49 kwa saa. GPS ikisema 40, mtelezo ni asilimia 18 au 19, jambo la kawaida kwa boti ya kazi. Ikisema 33, kuna kasoro: meno yamepinda, mpira wa ndani ya kitovu unateleza, au mashine inavuta hewa. Propela ya alumini iliyogonga mwamba inanyooshwa na fundi mzoefu kwa gharama ndogo kuliko mpya. Ya chuma cha pua ni nzuri, nyembamba na haipindi ovyo, ila bei yake ni kubwa. Mwenye bajeti finyu aiache hadi apate iliyotumika yenye pichi aliyoithibitisha.

Wa maziwani wana hesabu yao. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, Tanganyika mita 773. Mashine hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda, kwa hivyo farasi 40 wa Tanga ni 35 au 36 hivi wakifika Mwanza. Propela iliyofaa pwani itailemea mashine hiyohiyo huko juu. Shusha pichi kwa inchi moja au mbili.

Kimo na mwinamo

Juu kidogo ya propela kuna bapa linalozuia hewa isishuke. Mashine nyingi zimefungwa chini mno, na mguu wote unakokota maji. Anza kwa kulifanya bapa hilo liwe sawa na uvungu, kisha inua kwa sentimita 2 na kupima kila mara. Mashine za kati na kubwa zina matundu ya ziada ya boliti. Zile za kubana kwa skrubu zinaweza kuwekewa kipande cha mbao ngumu juu ya shetri, kisha zifungwe kwa boliti zinazopenya. Ikianza kuvuta hewa kwenye kona, au maji ya kupoza yakipungua kwenye tundu lake, umezidisha. Rudi hatua moja.

Mwinamo haugharimu kitu. Sogeza pini tundu moja nje, omo linyanyuke na maji ya pembeni yarukie nyuma zaidi. Likianza kudunda, rudisha.

Anayedhani bila fedha nyingi hakuna mwendo amkumbuke Ken Warby. Alijenga Spirit of Australia kwa mbao na fiba kwenye uwanja wa nyumba yake Sydney, akaifunga injini ya ndege iliyouzwa kama mabaki ya jeshi, na tarehe 8 Oktoba 1978 akaweka rekodi ya dunia ya kilomita 511 kwa saa katika bwawa la Blowering. Rekodi hiyo haijavunjwa hadi leo.

Ukishamaliza yote haya, na boti yako ni safi, nyepesi, yenye propela sahihi, na bado mwendo haukutoshi, sasa nenda kaulize bei ya mashine kubwa. Soma kwanza kibao cha mjenzi kinachotaja nguvu ya juu kabisa ambayo shetri inaweza kubeba, usiipite. Na tangu siku ya kwanza ya majaribio, ile kamba nyekundu ya kuzimia mashine ifunge kwenye kifundo cha mkono wako, maana nahodha akidondoka, boti isiyo na mtu hugeuka na kumrudia na propela ikizunguka.