Uchungu wa Mwarobaini

Ukitembea Vingunguti, kutoka machinjioni kushuka mpaka bonde la Msimbazi, hukosi kuuona mwarobaini. Umesimama uani, watu wamekaa kivulini. Mara anapita mtu kuomba majani. Haulizwi ya nini. Tunajua: nyumbani kwake kuna homa.

Asili ya mti huu ni India na nchi za jirani. Sisi tuliupa jina hilo kwa sababu wazee walisema unatibu maradhi arobaini. Leo hatutahesabu maradhi. Tutasoma juu ya vitu vilivyomo ndani yake.

Tafuna jani moja tu. Ule uchungu unaokaa mdomoni ni kemikali. Kemikali si zile za dukani peke yake. Hata mti hutengeneza zake. Za mwarobaini ni nyingi, na baadhi zinaitwa nimbini, gedunini na azadirakitini. Mti hauzitengenezi kwa ajili yetu, bali kwa kujikinga na wadudu. Mwaka 1959 mtaalamu wa wadudu wa Ujerumani, Heinrich Schmutterer, aliona huko Sudan nzige wamekula kila jani, mwarobaini wameuacha. Mwaka 1968 wataalamu wa Uingereza waliitoa azadirakitini katika mbegu zake. Mdudu akiila hukosa hamu ya chakula, na mtoto wa mdudu hushindwa kujivua gamba ili akue.

Wewe unayelima mchicha, hapo una dawa ya bure. Chukua nusu kilo ya mbegu kavu zilizomenywa, zitwange, loweka katika lita 10 za maji usiku kucha. Chuja, kisha nyunyiza jioni, maana jua kali huiharibu azadirakitini.

Sasa tuje kwenye mwili wa mtu. Ni kweli, katika maabara gedunini imeua vijidudu vya malaria. Lakini chupa ya maabara si mtu. Na majani ya mti huu hayalingani na ya mti ule. Kikombe cha leo kinaweza kuwa kikali, cha kesho maji matupu. Nani atajua amempa mtoto kiasi gani?

Jirani yangu mmoja alikuwa na mjukuu wa miaka miwili. Homa ilianza Ijumaa. Bibi akachemsha majani, akamnywesha. Jumapili mtoto hakuweza hata kukaa. Mama yake akasema, "Mama, tumpeleke zahanati." Bibi akajibu, "Subiri mwanangu, dawa haijashika." Jumatatu alfajiri degedege likampata. Walipompima, ilikuwa malaria, na damu imepungua sana. Aliongezewa damu, akapona. Bibi yule si mjinga. Alitumia alichorithi kwa mama yake, ila siku tatu zilipotea.

Mafuta ya mbegu ni hatari zaidi. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika habari za watoto wachanga walionyweshwa mafuta hayo: walitapika, wakasinzia, wakapata degedege, na maini yao yakadhurika. Mtoto asinyweshwe kabisa. Na mama mjamzito asiyanywe.

Je, dawa ya mti haifai? La. Dawa mseto ya malaria, tunayoitumia Tanzania tangu 2006, nusu yake ilianzia kwenye mmea wa Kichina wa jamii ya pakanga. Mwanamama Tu Youyou na wenzake waliipata mwaka 1972, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Tofauti ni kipimo. Kila kidonge kina kiasi kinachojulikana, na mtoto hupewa kwa kufuata uzito wake, baada ya kupimwa damu.

Kwa mazungumzo darasani: Nyumbani kwenu, mtoto akipata homa usiku, ni nani anayeamua apelekwe zahanati, na huamua baada ya muda gani?